Black Mamba au ya gia ya mtumba: ipi ya kwenda kazini Kisumu kila siku?

Rabuor_Kazini
Habari wadau. Natafuta baiskeli ya kutoka Rabuor hadi Kisumu mjini, Jumatatu mpaka Jumamosi, na nyuma kuna mzigo wa kilo 20 hivi. Nimebaki na mbili: Black Mamba mpya, ile nzito isiyo na gia, au ya gia ya mtumba yenye tairi za inchi 26. Ipi haitanipeleka kwa fundi kila wiki, na ipi haitanimaliza magoti? Barabara kuu ni lami, lakini kufika nyumbani ni ule udongo mweusi wa Kano, na mnaujua mvua ikishanyesha.

Fundi_Kibuye
Rabuor hadi mjini ni tambarare. Chukua Mamba.

Sababu ya kwanza ni mzigo. Gurudumu la nyuma la Mamba lina spoki 40, la mbele 32. Za gia nyingi zina 36 au 32 nyuma, na zinazokatika kwanza ni za upande wa frewili (gurudumu la meno la nyuma) kwa kuwa ndizo zilizokazwa zaidi. Sababu ya pili ni huo udongo wenu. Ukijaa kwenye gia za nyuma, mkono wa gia, ule wa nyuma unaohamisha mnyororo, huvutwa ukaingia kwenye spoki, na siku hiyo unarudi nyumbani ukiisukuma. Mamba ina mnyororo mmoja na magurudumu mawili tu ya meno ya kuwaza, la mbele na la nyuma.

Ugonjwa wa Mamba ni kota ya krenki, yaani kile kipini cha chuma kinachoshika mkono wa pedeli (krenki) kwenye ekseli ya katikati. Ukisikia "kok" moja kila pedeli inapozunguka, kota imelegea. Wengi huikaza kwa nati ili nati iivute ndani, kisha nyuzi zinakatika. Egemeza krenki juu ya kipande cha chuma kizito, igonge kota kwa nyundo mpaka ikae, ndipo ukaze nati. Endesha kilomita chache, gonga tena, kaza tena. Ukiipuuza, kota italila tundu la krenki na hata ekseli ya katikati, na hapo si kota tena unayonunua.

Mteremko_wa_Riat
Fundi, kwa mtu wa Rabuor sibishi. Lakini wako wanaosoma hapa wakiwa Kiboswa, kule juu mlimani, nao wasije wakanunua Mamba kwa sababu ya spoki.

Piga hesabu. Mamba yenye meno 48 mbele na 18 nyuma, ukizungusha pedeli mara moja inakusogeza karibu mita 5.9. Kwenye tambarare ni raha tupu. Kupanda kutoka Mamboleo ni kusukuma kwa mkono. Ya gia, ukiweka meno 28 mbele na 28 nyuma, inasogea kama mita 2 tu kwa mzunguko, kwa hiyo unapanda polepole ukiwa umekaa.

Kushuka ndiko kubaya zaidi. Breki za vyuma za Mamba zinabana rimu ya chuma kwa ndani, upande unaotazama habu (kitovu cha gurudumu). Rimu ya chuma ikilowa ni kama imepakwa sabuni. Anayelazimika kushuka na Mamba kwenye mvua aanze kugusa breki mapema, kidogo kidogo, ili raba zifute maji kabla hajahitaji kusimama. Rimu za alumini pamoja na breki za mikono miwili inayobana rimu kutoka pande zote mbili kwenye ya gia hushika vizuri zaidi kwenye maji.

Fundi_Kibuye
Hapo umesema kweli. Nyongeza kwa mwenye Mamba tayari: frewili ya meno 22 inafunga palepale pa ile ya 18, na unashuka hadi mita 4.8 kwa mzunguko. Haitoshi mlima wa Riat, ila upepo wa ziwa jioni hautakusumbua. Ongeza pingili mbili za mnyororo, au sogeza gurudumu mbele kama nafasi ipo. Ukimaliza, mnyororo uchezecheze juu na chini kama sentimita 1.3 katikati. Zungusha pedeli polepole utafute pale mnyororo unapokazika zaidi, upime hapo. Ukiukaza mpaka ukawa kama uzi wa gitaa, gololi za habu ndizo zitakazolipa.

Nyar_Ahero
Mmeruka kitu kinachoua baiskeli zote mbili kwa usawa: oili. Nusu ya watu wanamwaga oili chafu ya gari kwenye mnyororo kwa sababu ni ya bure. Oili hiyo imeshatoka kwenye injini na masizi na vumbi la chuma. Ni nzito, inashika mchanga, na mchanga ndani ya mnyororo ni msasa. Suruali nayo utaiaga.

Grisi je? Weka kwenye habu na kwenye gololi za katikati. Kwenye mnyororo inabaki nje bila kufika ndani ya pingili, inakusanya vumbi tu. Oili ya cherehani inaingia vizuri ila mvua moja inaiosha; kiangazi inatosha ukirudia kila wiki. Dawa za kupuliza za kulegeza kutu ni za kusafishia, usizitegemee kulainisha. Wakati wa masika ni heri oili ya mnyororo yenyewe, ile nzito ya mvua, au ukiikosa, oili mpya ya injini kidogo sana.

Kuipaka: futa mnyororo kwa kitambaa mpaka kitambaa kisitoke cheusi sana. Tone moja kwa kila pingili, kwenye ule upande wa chini wa mnyororo, sehemu inayotazama juu. Iwe ya gia au Mamba, zungusha pedeli nyuma. Acha dakika kumi, halafu futa nje pote. Oili inayofanya kazi ni ile usiyoiona.

Mwalimu_Maseno
Dada, asante. Naongeza kipimo ambacho mnunuzi wa mtumba asikose. Chukua rula, uanzie katikati ya pini moja, uhesabu pingili 24. Mnyororo mpya utasoma milimita 304.8, inchi 12 kamili. Ukifika 306.3 badilisha mnyororo peke yake. Ukifika 308 ujue meno ya frewili yameshalika pia, na mnyororo mpya juu ya meno hayo utaruka ukikanyaga kwa nguvu. Bei ya kuuziwa ishuke kwa kiasi hicho.

Kuhusu magoti, jibu halimo kwenye aina ya baiskeli. Limo kwenye kiti. Barabara ya Kisian imejaa watu wanaoendesha magoti yakikaribia kidevu, kwa sababu wanataka kukaa huku miguu yote miwili ikigusa chini. Kiti kikiwa chini sana goti linauma mbele. Kikiwa juu sana linauma nyuma, na kiuno kinayumba kushoto kulia kila ukikanyaga.

Rahisi zaidi: egemea ukuta, weka kisigino kwenye pedeli iliyo chini kabisa. Mguu unyooke bila kiuno kuinama. Sasa ukikanyaga kwa sehemu ya mbele ya wayo, goti litabaki limekunjika kidogo, na ndivyo inavyotakiwa. Wa kupenda hesabu: simama bila viatu, bana kitabu katikati ya miguu mpaka juu kabisa, pima kutoka mgongo wa kitabu hadi sakafuni, zidisha kwa 0.883. Jibu ni umbali kutoka katikati ya ekseli ya krenki hadi juu ya kiti. Kwa mtu wa mzigo anayesimama kila kituo, punguza sentimita 1 au 2, si zaidi.

Mikono ikifa ganzi, tazama kama pua ya kiti imeinama chini. Inakusukuma mbele, uzito wote unaishia viganjani. Kilaze sawasawa kabla ya kulaumu usukani.

Rabuor_Kazini
Nashukuruni sana. Nimepima kwa kitabu: sentimita 74. Mamba niliyoonyeshwa ni ya fremu ya inchi 22.

Mwalimu_Maseno
Basi kiti chako kiwe kama sentimita 65 kutoka ekseli. Kabla ya hapo, panda juu ya bomba la juu la hiyo Mamba, nyayo zote chini. Lazima ibaki nafasi ya sentimita 2 au 3. Kwa fremu ya inchi 22 na magurudumu ya 28, mguu wa 74 hautafika.

Fundi_Kibuye
Aa, hapo nabadilisha ushauri. Omera, hiyo Mamba ni kubwa kwako. Ukisimama ghafla na kilo 20 nyuma utaanguka nayo. Ama upate Mamba yenye bomba la juu linaloshuka, ile wanayoiita ya kike (usijali jina, breki na spoki ni zilezile), ama uchukue ya gia yenye fremu ya inchi 16.

Ukienda kwa ya gia, kataa yenye springi nyuma, karia haikai. Hesabu spoki, tafuta 36. Inua nyuma uzungushe, tazama kutoka nyuma kama mkono wa gia unaning'inia wima. Ukiwa umepinda kuelekea spoki, iliwahi kuanguka, na kuzungusha skrubu hakutaunyoosha. Raba za breki zibane rimu tu, zisiguse tairi hata kidogo, maana raba inayogusa tairi huikata siku chache tu. Mwisho, chomoa bomba la kiti lote. Wauzaji hulikata au huliachia kutu mle ndani. Lazima litoke, na likirudi alama ya mwisho iliyochorwa juu yake iwe imezama ndani ya fremu. Kama halitoki, hicho kiti hutakisogeza kamwe.

Nyar_Ahero
Na akiamua Mamba ya kushuka, anunue viraba vya valvu (vile vimpira vidogo vinavyozuia upepo ndani ya valvu) vitano siku hiyohiyo. Tairi ikipungua usiku bila pancha, weka mate kwenye valvu. Yakitoa povu ni kiraba, usikubali tyubu ichomolewe.