Mdogo wangu kapata kiharusi na presha hana, wanasema ni mfupa wa shingoni

Mikorosho_Newala:
Wakuu habari zenu, naombeni msaada. Mdogo wangu ana miaka 34, hanywi wala havuti. Mwezi wa saba tulikuwa tunapuliza salfa kwenye mikorosho, si mnaijua ile kazi, mashine mgongoni, shingo juu unageuka huku na huku kutwa nzima. Jioni akaanza kulalamika shingo inamuuma kushoto chini ya taya na kope ya jicho la kushoto imelegea, sisi tukajua ni vumbi la salfa tu. Asubuhi kikombe cha chai kikamponyoka, mkono wa kulia hauna nguvu, maneno hayatoki. Bibi akasema kapigwa na upepo, tukakaa kwa mganga siku nzima, hilo linaniuma mpaka leo. Hospitali presha 120 kwa 78, sukari safi, moyo safi. Tukaja Dar wakampiga CT scan ya mishipa, ile ya kuchomwa dawa kwanza, ndo wanasema kuna mfupa nyuma ya taya una sentimita 4.3 umechubua mshipa. Jamani mfupa unaleta kiharusi kweli?

Nesi_Mikindani:
Pole sana kaka yangu. Ndiyo unaleta. Huo unaitwa mfupa wa stailoidi, mwembamba kama mwiba, unashuka kutoka chini ya sikio, kila mtu anao ila kawaida ni kama sentimita 2.5, ukizidi 3 wanauhesabu mrefu. Daktari Mmarekani Watt Eagle aliueleza 1937 ndo ugonjwa ukabeba jina lake. Wengi wenye mfupa mrefu hawaumwi chochote, shida ni ukielekea kwenye karotidi, ule mshipa mkubwa unaodunda ukigusa pembeni ya koo. Ukigeuza shingo unauchokonoa, ukuta wa ndani unachanika, damu inaganda pale halafu kipande kinapanda kwenye ubongo. Na ile kope haikuwa salfa, neva za jicho zinapanda zimeukumbatia mshipa huohuo. Muulizeni, hajawahi kusikia kitu kimemkwama kooni?

Kaka_wa_Nachingwea:
Sio karotidi tu, kuna mishipa miwili ya nyuma inapita ndani ya matundu ya pingili za shingo, kuna watu wakigeuza kichwa sana pingili za juu zinaibana, kizunguzungu, macho yanaingia giza, wengine wanaanguka. Wazungu ugonjwa huo wameuita kwa jina la mwindaji wa upinde sababu mlenga mishale mmoja ulimpata hivyo. Na nyie vijana mnaokwenda saluni kunyolewa halafu kinyozi anakukamata kichwa anakuvunja shingo kaa!, mkatazeni, mshipa unaweza kuchanika hapohapo kwenye kiti.

Mikorosho_Newala:
Dada Nesi umenishtua. Nimemuuliza sasa hivi, kaitikia kwa kichwa. Kama miaka miwili alikuwa anasema ana mwiba wa samaki changu kooni, tukawa tunammezesha matonge ya ugali mkavu, hautoki. Kumbe. Na sikio la kushoto lilikuwa linamuuma akimeza. Wamempa aspirini, wanasema mfupa unaweza kukatwa baadaye, je ni operesheni kubwa?

Nesi_Mikindani:
Wanapitia ndani ya mdomo au shingoni, wanaupunguza, ni ya daktari bingwa wa masikio pua na koo akisaidiana na wa mishipa, na mara nyingi wanasubiri mshipa upone kwanza. Dawa asiache hata siku moja, asichuliwe shingo na mtu yeyote, hata bibi. Mazoezi ya mkono na kuongea aanze sasa hivi. Salfa msimu ujao apulize mwingine.

Mikorosho_Newala:
Nitapuliza mwenyewe. Jumatatu tunarudi kliniki, nimeshaliandika na lile la mwiba kwenye karatasi nisilisahau.