Tatizo la wahuni wa mpira England lilikuwa watoto wa walalahoi, au vizimba walivyofungiwa?

Wadau, juzi kibanda umiza tukiangalia Liverpool kuna jamaa kasema soka la England lilipona siku walipowatimua watoto wa walalahoi uwanjani, na kwamba hata huku kwetu uzio wa chuma uwekwe mbele ya mzunguko, yaani kule kwa tiketi za bei ya chini, maana watu wa kule hawaeleweki. Watu wakampigia makofi. Mi nilinyamaza ila limenikaa rohoni, nalileta hapa tulijadili.

Kwanza tusidanganyane, wahuni walikuwepo. Heysel pale Brussels, 29 Mei 1985, fainali ya Liverpool na Juventus, mashabiki wa Liverpool waliwakimbiza wenzao mpaka wakabanwa ukutani, ukuta ukaporomoka, watu 39 wakafa na wengi wao Waitaliano. Klabu za England zikafungiwa Ulaya miaka 5. Hilo silitetei hata kidogo.

Ila ukisema "wahuni" unamaanisha nani? Chukua skinheads, wale vipara wa mwishoni mwa miaka ya 60. Wengi walikuwa vijana wa London mashariki, watoto wa makuli wa bandarini na wa viwandani, buti za kazi, jinzi imekunjwa juu ya buti, suspenda, yaani mavazi ya kazini kwa baba ndo wakayafanya fasheni. Na muziki wao ulikuwa ska na rege ya Wajamaika, walicheza disko moja na vijana weusi. Wapo waliopiga watu, hasa Waasia, na baadaye miaka ya 70 wabaguzi wa chama cha National Front wakaingia kuvuna humohumo. Lakini kipara na buti peke yake havikukwambia huyu ni nani. Polisi walipozoea kutafuta buti, wagomvi wa viwanjani wakahamia nguo za michezo za bei mbaya, Fila, Sergio Tacchini, ndo hao walioitwa casuals, wakawa wanapita getini kama watoto wa wenye duka. Kumjua mhuni kwa mavazi na mtaa anaotoka ilishindikana palepale ilipobuniwa.

Sasa huo uzio. Hillsborough, Sheffield, 15 Aprili 1989, nusu fainali ya Kombe la FA, Liverpool na Nottingham Forest. Nje geti limejaa, saa 8:52 mchana polisi wakafungua geti kubwa, umati ukashuka moja kwa moja kwenye njia ya chini inayotokea vizimba vya katikati, yaani sehemu za kusimama zilizozungushiwa uzio, ambavyo vilishajaa, wakati vya pembeni vina nafasi na hakuna aliyewaelekeza huko. Mbele yao chuma. Waliojaribu kupanda juu kuna polisi waliwarudisha ndani wakidhani ni fujo za kuvamia uwanja. Fikiria mtu anakufa kwa kukosa pumzi hatua mbili kutoka kwenye nyasi na aliyeko upande wa pili anamuona mhuni. Mashabiki wenyewe ndo waling'oa mabango ya matangazo wakayafanya machela. Idadi ya waliokufa sasa ni 97.

Halafu wakasingiziwa kuwa walikuwa walevi na wamevunja geti, gazeti la The Sun likaandika ndo ukweli huo. Familia zimepigana miaka 27 mpaka 2016 jopo la wananchi mahakamani likasema waliuawa isivyo halali na mashabiki hawakuchangia chochote. Na baada ya ripoti ya 1990 ya jaji Taylor aliyechunguza maafa hayo uzio uling'olewa, viti vikawekwa. Kwa hiyo jamaa yetu anataka turudishe kitu ambacho wao walikitoa baada ya kuzika watu.

Mi nimewahi kubanwa getini uwanja mmoja hapa nyumbani, mbavu zinalia, dogo mmoja mbele yangu kapoteza kiatu analia, huku askari anachapa fimbo hovyo akituita wahuni na tiketi tunazo mkononi. Ndo maana siwezi kulichukulia hili kama stori za Wazungu.

Pale Hillsborough kwenye uzio kulikuwa na vimilango vidogo vya kutokea, ila amri ilikuwa visifunguliwe bila ruhusa ya mkubwa wa polisi. Wewe unayetaka uzio kwenye mzunguko, nijibu hapa: funguo za hivyo vimilango atashika nani, na atakuwa amesimama wapi?