Mfanyakazi anayekaribia kustaafu ajenge nyumba yake, au aendelee kupanga na kuweka akiba?

Karani wa Entebbe

Ndugu zangu, naomba mawazo yenu kuhusu jambo linaloninyima usingizi. Nimetimiza miaka 46, na nimekuwa karani katika kampuni binafsi hapa Uganda kwa miaka 19, muda wote nikikatwa asilimia 5 ya mshahara huku mwajiri akiongeza asilimia 10 katika Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, NSSF. Sheria iliyorekebishwa mwaka 2022 inamruhusu mwanachama aliyefika miaka 45 kuchukua asilimia 20 ya akiba yake kabla ya kustaafu. Nimeonyeshwa ploti huko Kakiri, na fedha hizo zingetosha kuinunua na kujenga msingi. Shemeji yangu anasema ni makosa kuifukia akiba ya uzee ndani ya matofali, na kwamba ninunue hati fungani za serikali, yaani niikopeshe serikali fedha, ili riba yake inilipie kodi ya nyumba hadi siku zangu za mwisho. Mke wangu sijamwambia bado, kwa kuwa ningependa aione nyumba ikiwa imekwisha kusimama. Je, nijenge au nisijenge?

Mstaafu wa Bombo

Jenga, mdogo wangu. Nilitumikia jeshi miaka 24 nikilala katika nyumba za kambi, na siku niliyokabidhi sare ndiyo siku niliyotambua kwamba sina mlango hata mmoja ninaoweza kuufunga na kusema huu ni wangu. Kwa kiinua mgongo changu nilisimamisha vyumba viwili na baraza hapa Bombo, bila dari na bila sakafu ya saruji, kisha nikaongeza chumba kimoja kimoja kadiri nilivyopata. Mshahara hukoma lakini kodi haikomi. Hizo hati fungani zina faida yake, sikatai, ila karatasi haizuii mvua. Kwangu mimi, mtu mzima anayezeekea katika nyumba ya kupanga hakujiheshimu alipokuwa na nguvu.

Mwalimu wa Busia

Afande, sentensi yako ya mwisho nimeisoma mara tatu, nikitumaini kwamba nimeielewa vibaya. Nina miaka 57, nimefundisha shule za msingi za serikali kwa miaka 31, na ninapanga vyumba viwili hapa Busia. Ndugu yangu alipofariki aliacha watoto wawili, nikawalea pamoja na wangu wanne, na kwa miaka mingi mshahara uliingia mkononi mwangu asubuhi ukatoka jioni kwenda kulipa karo. Watoto wote sita walimaliza masomo. Usiniambie kwamba sikujiheshimu.

Halafu mnazungumza kana kwamba kila mfanyakazi ana NSSF. Mwalimu wa serikali hana asilimia 20 ya kuchukua njiani. Yeye hungoja afike miaka 60, apewe kiinua mgongo na pensheni ya kila mwezi. Kuhusu hati fungani, ambazo Karani ameziuliza na hakuna aliyemjibu, mtu anaweza kuanza na shilingi 100,000, riba hulipwa kila baada ya miezi 6, na mtaji hurudi muda wa hati ukitimia. Nyumba iliyokomea kwenye lenta haimlipi mwenyewe chochote.

Mjane wa Matugga

Mimi nimeshindwa kupita pale aliposema kwamba mkewe hajaambiwa. Karani, mdogo wangu, naomba unisikilize kwa makini, maana ninayokueleza yalinipata.

Marehemu mume wangu naye alitaka nione nyumba ikiwa imesimama. Aliaga dunia mwaka 2019 baada ya kuugua siku 9 tu, na ni kwenye matanga ndipo rafiki yake aliponiuliza kama nimekwisha kuhamia kwenye ile nyumba mpya. Sikujua ni nyumba ipi. Nilipopelekwa nilikuta kuta zimefika kwenye lenta na majani yameota ndani ya sebule. Karatasi pekee tuliyoipata ilikuwa makubaliano ya mauzo yenye muhuri wa mwenyekiti wa LC, yaani baraza la mtaa, na ndani yake jina langu halipo.

Kumbe alichonunua kilikuwa kibanja juu ya ardhi ya mailo. Ninyi mnaoishi Buganda mnajua maana yake, lakini kwa ndugu wa mikoa mingine nitaeleza. Tangu Mkataba wa Buganda wa mwaka 1900 sehemu kubwa ya ardhi ya huku, iitwayo mailo, ina mwenyewe aliyeandikwa katika hati, na juu yake kuna watu wenye vibanja, yaani haki ya kukaa hapo, wanaomlipa busulu, ada ya ardhi ya kila mwaka. Mwenye kibanja akitaka kuuza, sheria inataka mwenye mailo apewe nafasi ya kwanza ya kununua. Aliyemuuzia mume wangu hakumjulisha mwenye mailo, na mwenye mailo alipokuja kutuona alisema hanijui, hamjui marehemu, na hana kumbukumbu ya busulu yoyote iliyotoka kwetu. Yeye hakuwa mkali, na alisema kweli. Fedha za miaka 15 za mume wangu zimesimama pale hadi leo bila paa, na mimi ninapanga.

Laiti angeniambia, ningemuuliza swali moja tu: aliyeuza amekupeleka kwa mwenye ardhi?

Karani wa Entebbe

Dada yangu, pole sana kwa msiba na kwa hasara hiyo. Hata hivyo naona ninahukumiwa kwa kosa la mtu mwingine. Mimi simfichi mke wangu. Nataka kumfurahisha, na kati ya hayo mawili kuna tofauti kubwa. Baba yangu alijenga nyumba tuliyokulia bila kumshauri mama, na mama aliishi humo kwa amani. Zaidi ya hayo, siri ina faida nyingine, kwa sababu habari ikienea kwamba mtu amepata fedha za NSSF, mafundi hupandisha bei, na saruji hutoka kwenye saiti usiku. Swali langu lilihusu kujenga au kutojenga, nami ningeshukuru tukilirudia.

Fundi wa Jinja

Ningenyamaza kama Karani asingesema hayo ya saruji kutoka usiku. Nimejenga kwa miaka 22. Nimeona fundi mwizi, ndiyo, lakini nimeona mara nyingi zaidi mwenye nyumba anayejiibia mwenyewe. Hununua matofali yasiyoiva vizuri kwa sababu ni ya bei nafuu, yakanyeshewa mvua moja pembe zote zikamegeka. Hukataa kuumwagilia maji ukuta na msingi wakati saruji inakauka, akiona maji ni gharama ya bure, na nyufa zikitokea mwaka wa pili anasema fundi alipunja saruji. Kosa baya kuliko yote ni ramani. Mzee wa miaka 58 ambaye watoto wake wameoa na kuolewa huniletea ramani ya ghorofa yenye vyumba vitano. Ninamuuliza nani atapanda ngazi hizo miguu ikianza kuuma, naye anakasirika na kumtafuta fundi mwingine asiyeuliza maswali.

Nyumba ya mstaafu ni vyumba viwili au vitatu vya chini, mlango mpana, choo ndani, tangi la kukinga maji ya mvua kutoka kwenye mabati, na kivuli cha mti upande wa magharibi. Na mtu asidhani kwamba akishaezeka amemaliza. Milango, madirisha, plasta, nyaya za umeme, mabomba na shimo la choo hula fedha ambazo wengi hawakuziweka katika hesabu, na hapo ndipo nyumba nyingi huishia. Karani, kama asilimia 20 yako inatosha ploti na msingi tu, basi useme leo kuta zitajengwa na fedha gani, kwa maana msingi ulioachwa wazi misimu mitatu ya mvua unaharibika.

Mstaafu wa Bombo

Mwalimu, neno langu lilikuwa zito na ninaliondoa. Aliyelea yatima hakushindwa kujiheshimu, na ningekuwa nimekaa nawe barazani nisingelitamka.

Lakini kwa dada wa Matugga, ninakubali kwamba mke aambiwe. Sikubali kwamba jina lake liandikwe kwenye kila kipande cha ardhi, kama inavyoanza kusemwa siku hizi. Nimesikia hata kwamba sheria inataka mke atie sahihi kila mume anaponunua. Sisi wengine ardhi yetu ni ya ukoo. Ilipita kwa babu, ikaja kwa baba, na mimi ni mlinzi wake tu. Nitawezaje kuliandika juu yake jina la mtu wa ukoo mwingine?

Binti wa Arua

Baba, kwa heshima zote, sheria haisemi hivyo. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1998 pamoja na marekebisho yake inataka ridhaa ya mwenzi pale ardhi ambayo familia inaishi, au inayotegemea kwa chakula na mapato, inapouzwa, inapowekwa rehani au inapogawiwa. Haihusu kununua. Kwa hiyo ploti ya Karani, ambayo mkewe hajaiona wala hailimi, haimpi ulinzi huo hata kidogo, na hili ndilo linalofanya siri yake iwe ya hatari. Akizipata fedha kesho, akanunua, kisha likamfika la kumfika, mkewe atakuwa mahali alipo dada wa Matugga. Na nikiwa hapohapo nisahihishe jambo jingine: umri wa miaka 45 pekee hautoshi kuchukua ile asilimia 20, bali mwanachama awe amechangia angalau miaka 10. Karani amechangia 19, kwa hiyo hana shida.

Kuhusu ardhi ya ukoo, Katiba ya mwaka 1995 inaitambua ardhi ya kimila sawa na ile ya mailo, ya umiliki huru na ya kukodishwa, na hakuna anayekuomba uiandike jina la mtu yeyote. Hapa tunazungumzia ploti inayonunuliwa kwa jasho la nyumba moja. Mke anayepika, anayelima, anayelipa karo ili mshahara wa mume ubaki kwenye akiba, naye amechangia katika hiyo asilimia 15 ya NSSF ingawa hana kadi ya uanachama.

Mimi nimekuja na maumivu yangu pia. Wazazi wangu walijenga nyumba nzuri kijijini, umbali wa saa mbili kutoka mjini, wakahamia baba alipostaafu. Walikaa miaka minne. Kisukari cha baba kilipozidi hakukuwa na daktari wa karibu, na barabara ilikuwa haipitiki nyakati za mvua, kwa hiyo sasa wanalala katika chumba cha wanangu, na ile nyumba inalindwa na kijana tunayemlipa. Hawakukosea kujenga. Walikosea mahali. Hakuna aliyemuuliza Karani kama Kakiri kuna hospitali anayoweza kuifikia usiku.

Mjane wa Matugga

Afande, mimi sikuomba jina langu liandikwe kwenye ardhi ya ukoo wa mtu. Ukoo wa marehemu ulinitendea wema, na shamba la kijijini niliwaachia bila neno. Nilichokosa ni kujua. Sheria ya Urithi iliyorekebishwa mwaka 2022 inasema kwamba mtu akifa bila wosia, mwenzi hupata asilimia 20 na watoto asilimia 75, na nyumba waliyokuwa wakiishi haigawanywi kama mali nyingine, bali wanaobaki huendelea kukaa humo. Hayo ni mazuri, na ningeyafurahia. Lakini asilimia 20 ya kitu usichojua kipo ni kiasi gani? Na sisi hatukuishi katika zile kuta, kwa hiyo hazikuwa nyumba yetu mbele ya sheria yoyote.

Mstaafu wa Bombo

Hapo umenishika, mama. Hati ya kiwanja changu iko ndani ya sanduku, na ufunguo ninao mimi peke yangu. Mke wangu hajawahi kuisoma. Nitamwonyesha leo.

Mwalimu wa Busia

Nimepokea maneno yako, Afande, na yamekwisha. Ninarudia hata hivyo kwamba tumeandika mengi kuhusu hati na majina, na shemeji wa Karani bado hajapingwa kwa hesabu. Sheria ya Wenye Nyumba na Wapangaji ya mwaka 2022 imeweka kikomo cha asilimia 10 kwa mwaka katika kupandisha kodi. Kodi ikipanda kila mwaka huku riba ya hati fungani ikibaki ileile, kwa miaka 20 mpangaji atafikia wapi? Nimeipiga hesabu hiyo kwa ajili yangu mwenyewe, na imenitisha, kwa sababu hata ongezeko la asilimia 7 kwa mwaka huifanya kodi iwe maradufu baada ya miaka 10. Nilianza mjadala huu nikiwa upande wa shemeji. Sasa nafikiri kwamba hati fungani zinamfaa mtu ambaye tayari ana pa kulala, hata kama ni vyumba viwili visivyo na dari.

Karani wa Entebbe

Nimemwambia mke wangu jana usiku. Hakufurahi kama nilivyotarajia, na hakunigombeza. Aliniuliza maji yatatoka wapi, kisha akauliza kama ploti ni mailo yenye hati au ni kibanja, nami nilishindwa kumjibu, kwa sababu aliyenionyesha alisema tu kwamba karatasi zote zipo. Tumekubaliana nisiombe fedha NSSF kwanza. Jumatatu tunakwenda pamoja katika ofisi ya ardhi ya Wakiso kuitafuta namba ya hati, na kama kuna mwenye mailo tutamtafuta kabla ya kutoa hata shilingi moja. Fundi, nimeanza kuchora ramani ya vyumba viwili. Kuhusu fedha za kuta, bado sina jibu.

Fundi wa Jinja

Basi usichimbe msingi. Nunua ploti, ipime, uweke mawe ya mipaka, panda miti pembezoni, usubiri. Na huo wizi wa usiku ulioutaja, siku ukianza kujenga, mkeo awe ndiye anayeandika mifuko inayoingia na inayotumika. Nimeifanya kazi na wanawake wanaoandika, na hakuna aliyewahi kuniita mwizi.