Mzigo wa Kigali kupitia Dar: wenye maduka wasio na malori wanawezaje?

Duka_Gisozi:
Wakuu, habari za jioni. Mimi ni Mtanzania niliyeolewa Kigali, nina duka la vigae na masinki pale Gisozi. Mpaka sasa nanunua kwa waagizaji wakubwa wa hapahapa, na faida nono inabaki kwao. Nataka niagize kontena langu la kwanza la futi 20 kutoka China. Shida ni nauli: kila nikiuliza ya Dar–Kigali napewa bei zinazopishana mno kwa mzigo uleule, na kila mtu anaapa yake ndiyo ya soko. Halafu kuna jambo linanishangaza. Kampuni nyingi za hapa hazina hata lori moja, nchi haina bandari wala reli, lakini rafu zao hazikauki. Wanafanyaje? Na je, nipitie Dar au Mombasa?

Tela_Kahama:
Dada, karibu jamvini. Nimeendesha semi njia hiyo kwa miaka mingi, siku hizi nipo ofisini Kahama napanga magari ya wenzangu.

Kila anayekutajia bei muulize kwanza: kontena tupu nani analirudisha Dar? Kupitia Rusumo, mpakani mwa Tanzania na Rwanda, ni kama kilomita 1,500. Kwenda gari limebeba vigae vyako, kurudi limebeba hewa, na dizeli ya kurudia haitoki mbinguni. Rwanda inaingiza mizigo kuliko inavyotoa. Kahawa na madini yao hayatoshi kujaza magari yote yanayoshusha Kigali, na chai yao nyingi inakwenda mnadani Mombasa, kwa hiyo inawalisha wenzetu wa njia ile.

Sasa kuna njia nyingine. Kontena linafunguliwa Dar kwa kibali cha forodha, mzigo unahamishiwa kwenye gari, tupu linarudi kwa wenye meli bila kuondoka mjini, na dipoziti uliyowawekea ya kontena inapona. Gari langu likishusha Kigali linakuwa huru: linapita Kahama linapakia mchele wa kupeleka Dar. Hapo nakushushia bei, kwa sababu mwenye mchele naye kanilipa. Gari lenye namba za Rwanda haliruhusiwi kubeba mzigo wa ndani ya Tanzania, litarudi tupu hadi bandarini. Ndiyo maana tajiri wa Kigali mwenye akili hanunui lori, anakodi la Mtanzania. Ubaya wa kufungulia Dar: vigae vinashikwashikwa mara mbili, na vibarua wakichoka wanavitua kama matofali. Masinki usiseme.

Jingine ambalo waagizaji wapya hawaambiwi ni mizani. Kuna Vigwaza, Mikese, Njuki, Mwendakulima, Nyakahura. Kikomo cha juu cha Afrika Mashariki ni tani 56, gari na mzigo wake, kwa magari yenye ekseli za kutosha. Lakini hawaangalii jumla tu, kila kundi la ekseli lina kikomo chake. Muuzaji akirundika vigae vyote upande mmoja wa kontena, jumla itakuwa sawa na bado utapigwa faini, na kontena lenye lakiri huwezi kulifungua barabarani ukapanga upya. Mwandikie kabla hajapakia: paleti zisambae sakafu nzima, asizisukumie mlangoni. Akutumie na picha.

Wakala_Kurasini:
Mkuu Tela kasema kweli, mimi naongezea upande wa karatasi. Usisubiri meli itie nanga. Tangu himaya moja ya forodha ya Afrika Mashariki ianze mwaka 2014, wakala wako wa Kigali anaweka tamko kwenye mfumo wa RRA, mamlaka ya mapato ya Rwanda, unalipa kodi kulekule, na mzigo unaachiliwa ukiwa bado Dar. RRA ina maofisa wake hapa hapa. Ukishalipa, gari linakwenda hadi dukani kwako.

Kama huna fedha zote, peleka mzigo kwenye ghala la dhamana Kigali, MAGERWA au kule Masaka kwa DP World, lililofunguliwa mwaka 2019. Unatoa kidogokidogo, unalipia kodi kile unachotoa. Hiyo ndiyo siri ya rafu zinazokushangaza: mzigo wa miezi inayokuja tayari upo mjini, ila haujalipiwa.

Siku za bure za kontena, yaani za kukaa nalo bila kulipishwa, omba ziongezwe kabla muuzaji hajapakia. Ukishafika Dar, wenye meli hawasikii la mtu, demareji, ile tozo ya kuchelewesha kontena, inahesabu hadi Jumapili.

Mhasibu_KGL:
Kuhusu Dar au Mombasa: mimi nipo kiwanda kidogo cha rangi, bosi wangu anagawa malighafi njia zote mbili makusudi. Gatuna, mpaka wa Rwanda na Uganda kwenye njia ya Mombasa, ilifungwa Februari 2019, ikafunguliwa tarehe 31 Januari 2022. Waliotegemea Mombasa pekee walizungushwa hadi Kagitumba, mpaka mwingine wa Uganda. Mwaka 2020, kipindi cha korona, ukaja mgogoro wa madereva Rusumo, malori yakapanga foleni. Mombasa ni karibu kilomita 1,700 na mipaka miwili, Rusumo ni mmoja. Lakini dada, kontena moja huwezi kuligawa. Pita Dar. Ila usiuze paleti ya mwisho ukitegemea kontena lililopo baharini. Sisi oda mpya inatoka wakati ghala bado lina mzigo wa miezi mitatu.

Duka_Gisozi:
Asanteni sana. Miezi mitatu ni mtaji wangu wote jamani! Tela, nikichanganya vigae na masinki kontena moja, nifungulie Dar au nisifungue?

Tela_Kahama:
Usichanganye. Safari ya kwanza leta vigae vitupu, vya sakafuni vile vizito, tufungulie Dar. Masinki endelea kununua kwa hao wakubwa. Ukipata wateja wa kujaza kontena la masinki peke yake, hilo lije limefungwa hadi Gisozi na ulipie kurudisha tupu. Bei andikianeni kabisa: nauli, kurudisha tupu, na siku ngapi gari litasubiri kushusha. Hiyo ya kusubiri ndiyo inayogombanisha watu. Gari likilala mlangoni kwako kwa sababu vibarua hawajaja, mchele wa Kahama anapakia mwingine.

Duka_Gisozi:
Nimekuelewa kaka. Nakuja inbox na uzito wa mzigo.