Nawezaje kulieleza jani kwa maneno mpaka mtu ajue ni mti gani?

Mpandaji_Moro: Habari za jioni wakuu. Nina miche niliyouziwa kama mwarobaini, sasa imenipita kimo. Jirani anasema huo si mwarobaini. Kamera ya simu imekufa, picha sina. Nikampigia bwana miti mmoja, akaniuliza jani limegawanyika au ni zima, na kingo zake zikoje. Nikabaki kusema "ya kijani, madogo madogo". Naombeni maneno ya kuelezea, ila msinimwagie Kilatini.

MamaKitalu: Kwanza ujue jani linaanzia wapi. Wengi huchuma kijani kimoja (kile kijisehemu cha jani lililogawanyika, si rangi) wakadhani ndilo jani zima. Fuata kikonyo mpaka kinaposhika tawi, uchungulie kwapani. Ukiona chipukizi dogo, jani linaanzia hapo. Kijani hakina chipukizi kwapani mwake. Mwembe ukiuangalia hivyo, jani lake ni moja zima. Kwenye mwarobaini, jani ni uti wote mrefu pamoja na vijani vya pande mbili.

Fundi_Miche: Naongezea. Taja mpangilio kwenye tawi: majani yanapishana, kama ya mwembe, au yanakabiliana mawili mawili, kama ya mpera. Kisha umbo (la moyo kama tambuu, la yai, la mkuki), ncha, kitako, na ukingo kama ni laini au una meno. Rangi iache mwisho, haisaidii sana.

Kijana_wa_Pwani: Mnamchosha bure. Tafuna jani, mwarobaini uchungu wake haujifichi 😂

MamaKitalu: Mwanangu, mti usioujua hautafunwi.

Mpandaji_Moro: Nimetoka na tochi. Chipukizi nimeliona. Uti mkuu unatoa vitawi pande zote mbili, na vitawi hivyo ndivyo vimebeba vijani. Kingo zina meno.

Kijana_wa_Pwani: Si mlonge huo?

Fundi_Miche: Hapana. Jani la mlonge hugawanyika hata mara tatu, lakini vijani vyake ni vya mviringo na kingo hazina meno.

MamaKitalu: Lako limegawanyika mara mbili. La mwarobaini hugawanyika mara moja tu: vijani vinakaa kwenye uti wenyewe, vimepinda, na kitako chake upande mmoja kimeshuka kuliko mwingine. Kwa maelezo hayo naona una melia. Bwana miti wako ukimpigia mwambie Melia azedarach. Mwarobaini ni Azadirachta indica (samahani kwa Kilatini). Ni miti ya ukoo mmoja, pamoja na mkangazi, ndiyo maana wauza miche huichanganya. Matunda ya melia yana sumu, na hubaki mtini hata majani yakipukutika. Kama una watoto au nguruwe, wasiyaokote.

Mpandaji_Moro: Asante sana mama. Mmoja una vitumba. Vikifunguka niangalie nini?

MamaKitalu: Rangi, hapo sasa ina kazi. Maua ya mwarobaini ni meupe, ya melia ni zambarau hafifu. Petali kwa kawaida ni 5 kote kote, usijisumbue kuzihesabu. Tazama katikati: stameni (vile vijiti vyenye chavua) zimeungana zikawa mrija. Kwenye melia mrija huo ni zambarau iliyokolea kuliko petali zenyewe, utauona hata bila miwani.