Tupeane uzoefu: redio koli unaifunga wapi kwenye 4x4 ndogo?

Mwanzisha uzi
Wakuu, kwenye gari kama Jimny, Niva au Wrangler ya milango miwili dashibodi ni fupi, katikati kumejaa livaa, na sehemu inayobaki wazi mara nyingi ndiyo eabegi (mfuko wa hewa wa ajali) inapofumukia. Ukichangia, taja gari, redio ya wati ngapi, imekaa wapi, nyaya zimepita wapi na kasoro gani hujitokeza. "Inafanya kazi vizuri" haimsaidii mtu mwenye drili mkononi.

Kabla ya tundu lolote, kata boksi gumu la ukubwa wa redio. Nyingi zina upana wa sm 14 hivi na kimo cha sm 4. Ongeza sm 5 nyuma kwa ajili ya plagi na kebo ya antena. Libandike kwa tepu, kaa kwenye kiti, funga mkanda, kisha pitisha gia zote: ya pili, ya nne, rivasi, halafu 4L (mwendo mzito). Vuta hendibreki mpaka juu. Abiria naye akae, asogeze magoti mbele. Boksi likiguswa hata mara moja, tafuta pengine. Na juu ya dashibodi upande wa abiria msipafikirie kabisa: eabegi ikifumuka, redio inaruka usoni kwa mtu.

Mwenye Niva
Kwenye Niva usihangaike na katikati. Nyuma ya gia kuna livaa mbili za transfa (gia ya kugawa nguvu mbele na nyuma), moja ya mwendo mzito na moja ya kufunga difu, na zote zinahitaji nafasi ya mkono. Ubavuni mwa tanuli (mwinuko wa sakafu katikati ya gari) panavutia, lakini mguu wa abiria unapiga plagi ya maiki kila anapopanda. Nyaya za maiki hukatikia ndani pale pale zinapoingia kwenye plagi, na dalili yake ni sauti kukatika-katika ukiongea huku unapokea vizuri tu.

Panapofaa ni chini ya dashibodi upande wa abiria, karibu na katikati, braketi ikiwa imegeuzwa ili redio ining'inie na uso wake umwelekee dereva. Usitumie skrubu za bati, maana barabara ya makorongo huzilegeza. Tumia bolti za M5, washa pana pande zote mbili, na nati zenye plastiki ndani. Mkono usipofika nyuma ya bati, weka riveti nati (nati inayobanwa kwenye bati kwa upande mmoja tu): ya M5 inataka tundu la mm 7, ya M6 mm 9. Zungushia tepu kwenye biti mm 10 kutoka nchani ili isizame ikatoboa waya au bomba la hita. Ukimaliza, ondoa vumbi lote la chuma na upake rangi ukingo wa tundu, la sivyo kutu inaanzia hapo.

Fundi umeme
Mahali pazuri na umeme mbaya ni kazi bure. Redio ya VHF ya wati 50 hula ampea 10 hadi 12 ukibonyeza maiki. Tundu la sigara si la kazi hiyo: waya wake ni mwembamba na mguso wa plagi ni hafifu. Ndiyo maana redio inapokea sawa, ukibonyeza inazima.

Vuta nyaya mbili, nyekundu na nyeusi, kutoka penye betri. Kwa mita 3, waya wa mm² 4 hupoteza volti 0.26 hivi kwa ampea 10, kwenda na kurudi. Wa mm² 1.5 hupoteza 0.7, na injini ikiwa imezimwa hizo ndizo zinazoiangusha redio. Fyuzi ya ampea 15 ikae kwenye waya mwekundu, ndani ya sm 20 kutoka kwenye betri. Ikikaa karibu na redio, waya wote wa kwenye boneti unabaki bila kinga.

Waya mweusi ufunge kwenye bodi pale waya wa hasi wa betri unapofungwa, si kwenye kichwa cha betri. Waya huo mkubwa ukilegea, mkondo wa stata utatafuta njia kupitia redio na kebo ya antena. Isitoshe, gari mpya nyingi zina sensa kwenye kichwa cha hasi, na ukiunga hapo unaivuruga.

Penye bati, pitisha waya kwenye tundu lenye mpira. Hili msilipuuze wakuu, waya uliochunika ukigusa bodi ni moto.

Mwenye Jimny
Suluhisho safi kwa Jimny ni redio ambayo uso wake unatenganishwa na mwili. Uso hauna uzito, unakaa karibu na skrini au kwenye nguzo ya kioo. Mwili unaingia chini ya kiti cha abiria.

Mambo mawili ya chini ya kiti. Kwanza maji: ukivuka mto kapeti hulowa, kwa hiyo inua mwili wa redio sm 4 kwa vipande vya alumini, plagi zikitazama upande ulioinuka. Pili joto: kati ya wati 138 zinazoingia, 50 zinatoka hewani, karibu zote zilizobaki ni joto. Acha sm 3 juu ya mapezi ya kupoza redio na usitupie jaketi hapo. Kisha sogeza kiti mbele na nyuma mpaka mwisho, ukiangalia reli isikate kebo.

Mchangiaji wa dari
Kati ya vikinga jua pia panafaa, macho hayatoki mbali na njia. Ila spika ya redio nyingi iko upande wa juu au wa chini. Ikitazama dari sauti inafifia, weka spika ya nje ya omu 8 nyuma ya kichwa cha dereva. Nyaya zikishuka kwenye nguzo ya kioo, zipite nyuma ya eabegi ya pazia (inayoshuka kando ya dirisha), zifungwe na nyaya za kiwandani. Zikipita mbele yake zinaizuia kufumuka.

Mwenye Wrangler
Fikiria antena mapema, maana ndiyo inayoamua kebo itapita wapi. Paa la turubai au faiba halina bati la kuakisi mawimbi. Boneti ya JL (toleo jipya la Wrangler) ni ya alumini, sumaku haishiki. Tumia braketi ya ukingo wa boneti, kwangua rangi chini ya skrubu zake, na unganisha boneti na bodi kwa waya uliosukwa, kwani bawaba si athi ya kuaminika.

Robo wimbi, yaani urefu wa antena, kwa 145 MHz ni sm 50 hivi, kwa 450 MHz ni sm 16. Pima SWR (kipimo cha nguvu inayorudi kutoka kwenye antena) chini na juu ya masafa unayotumia: ikiwa kubwa zaidi juu, antena ni ndefu, kata mm 2 kwa mara. Ishushe chini ya 1.5, ikipita 2, redio nyingi hupunguza nguvu zenyewe. Kebo isibanwe na mlango, ikibonyea si omu 50 tena. Iachie kitanzi kinachoning'inia kabla haijaingia ndani, maji yadondokee nje.

Mwanzisha uzi
Asanteni wakuu. Na ule mlio mwembamba unaopanda na mwendo wa injini, wanaousikia ni wale unaoongea nao?

Fundi umeme
Ndiyo mkuu, ni alteneta, inaingia kupitia umeme. Kwanza hakikisha nyaya zimetoka penye betri, kisha safisha athi. Ukibaki, weka filta ya umeme ya kuzuia mlio wa alteneta, inayobeba ampea za redio, kwenye nyaya za umeme karibu na redio.