Tukio la Nado, goli la Aziz Ki: tunataka sauti za chumba cha VAR zitolewe hadharani

Wakuu, nilisema nisubiri hasira ishuke ndipo niandike. Haijashuka, kwa hiyo naandika nikiwa nayo hivyo hivyo.

Jumapili ya tarehe 4 Januari 2026, Rabat. Taifa Stars iko hatua ya 16 bora ya AFCON, Kombe la Mataifa ya Afrika. Tangu tulipokwenda Nigeria mwaka 1980 hatukuwahi kuvuka makundi, na safari hii tumevuka. Tunacheza na wenyeji Morocco, timu iliyofika nusu fainali ya Kombe la Dunia 2022, na hadi dakika za nyongeza tuko nyuma kwa goli moja tu, la Brahim Díaz la dakika ya 64. Iddi Nado wetu yuko ndani ya boksi, Adam Masina, beki wa Morocco, anamsukuma, Nado anakwenda chini. Refa kutoka Mali anaashiria mpira uendelee. Haendi kwenye skrini ya VAR, yaani waamuzi wa video wanaokagua marudio wakiwa chumbani. Muda unaisha, safari imeisha.

Sisemi tungeshinda. Penalti hukoswa, Uganda walitukosea ya dakika za mwisho kwenye kundi, Okello akaupaisha mpira juu. Ninachosema ni kwamba kile kilikuwa kitendo cha kukaguliwa mbele ya dunia nzima, na sisi tulioganda mbele ya televisheni hatukuambiwa kama kimekaguliwa, kimekaguliwa na nani, wala kimeonekana vipi.

Na hii si mara ya kwanza. Mimi ni Simba tangu utotoni, kwetu hakuna Yanga hata wa dawa, lakini leo nasema jambo ambalo nilipaswa kulisema tarehe 5 Aprili 2024. Usiku ule sisi tulikuwa Cairo tunafungwa 2-0 na Al Ahly, na Yanga walikuwa Pretoria, uwanja wa Loftus Versfeld, mechi ya pili ya robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika na Mamelodi Sundowns. Mechi ya kwanza kwa Mkapa ilikuwa 0-0. Kipindi cha pili Aziz Ki wa Yanga akapiga shuti, likagonga chini ya mtambaa panya, mpira ukadunda chini na kurudi uwanjani. Kila aliyetazama marudio aliona mpira umeshavuka chaki. VAR ikakagua, refa hakuitwa kwenye skrini, goli hakuna. Ikaisha 0-0, Yanga wakatolewa kwa matuta 3-2.

Usiku ule nilishangilia. Tulikuwa Ramadhani, tumetoka tarawehe, kibanda chote kimegawanyika nusu kwa nusu, na upande wetu tulipiga kelele kama tumeshinda sisi. Jirani yangu wa Yanga alikaa kwenye benchi hadi watu wote wakaondoka. Nimemfuata juzi baada ya mechi ya Morocco, nikamwomba radhi. Akanijibu neno moja tu: "Umeona?"

Sasa angalieni nani alikuwa kwenye benchi la ufundi mara zote mbili. Miguel Gamondi. Pretoria 2024 akiwa na Yanga, Rabat 2026 akiwa na Taifa Stars. Mtu mmoja, ndani ya miaka miwili, ameondoka kwenye mechi mbili kubwa kuliko zote za wachezaji wetu akiwa na swali lile lile.

Twende kwenye kiini, maana najua wapo watakaokuja hapa kusema "VAR ilikagua, hamkuona tu". Ndiyo, najua. Kwa utaratibu wa IFAB, chombo kinachotunga sheria za soka, VAR katika mechi zile ilihusika na mambo manne: goli, penalti, kadi nyekundu ya moja kwa moja, na refa kumwadhibu mchezaji asiye mhusika. Kila tukio la penalti linakaguliwa kimyakimya chumbani hata kama refa haendi kwenye skrini. Lakini uamuzi wa uwanjani unabadilishwa pale tu panapokuwa na kosa la wazi lisilo na ubishi. Maana yake ni kwamba refa wa Rabat angepuliza penalti, chumba kingesema "kuna msukumo, iachwe". Hakupuliza, chumba kinasema "msukumo si wa wazi kiasi hicho, iachwe". Tukio ni lile lile, picha ni zile zile, majibu mawili tofauti! Kwa hiyo mashine hii inalinda filimbi ya kwanza. Na filimbi ya kwanza bado iko kwa binadamu mmoja aliyesimama katikati ya uwanja wa watu zaidi ya elfu sitini wanaomzomea kila anapoonekana kutaka kuwapa wageni kitu.

La Aziz Ki ni baya zaidi, kwa sababu pale hakuna tafsiri. Msukumo unaweza kubishaniwa, ulikuwa mwepesi au mzito. Mpira kuvuka mstari haubishaniwi. Umevuka wote au haujavuka wote, basi. Ila ili ujue unahitaji kamera iliyosimama sambamba na mstari wa goli. Kamera ikikaa pembeni kidogo, mpira ulio hewani unaonekana mahali usipo. Ulaya wana teknolojia ya mstari wa goli, kamera saba kwa kila goli, saa ya refa inatetemeka ndani ya sekunde moja. Robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika haikuwa nayo. Yanga waliandika barua CAF, shirikisho la soka Afrika, matokeo yakabaki yale yale.

Kinachoniuma, nchi ni hiyo hiyo Afrika Kusini! Tarehe 27 Juni 2010, Bloemfontein, Frank Lampard wa Uingereza alipiga mpira ukagonga mwamba ukadunda ndani kabisa dhidi ya Ujerumani, goli likakataliwa. Dunia nzima ilipiga kelele, Blatter, rais wa FIFA wakati huo, akaomba radhi, na 2012 IFAB ikapitisha teknolojia ya mstari. Lampard alilia, ulimwengu ukabadilisha sheria. Aziz Ki alilia miaka 14 baadaye, ndani ya nchi hiyo hiyo, akaambiwa anyamaze.

Na CAF hawawezi kusema hawakuonywa. Fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika 2018, mechi ya kwanza Alexandria, Al Ahly walipata penalti mbili dhidi ya Esperance, na mchezaji wao Walid Azaro akafungiwa baadaye kwa kuichana jezi yake mwenyewe ili ionekane amevutwa. Mwaka uliofuata, tarehe 31 Mei 2019 kule Radès, Tunisia, Wydad walifunga dhidi ya Esperance, goli likakataliwa, wakaomba VAR, wakaambiwa mtambo haufanyi kazi. Fainali ya Afrika! Wachezaji waligoma zaidi ya saa nzima, mechi ikavunjika, kesi ikafika hadi mahakama ya michezo ya CAS. Baada ya aibu ile ilitakiwa kila kitu kiwe wazi. Kiko wapi?

Ninachotaka ni kimoja. Sauti. Tarehe 30 Septemba 2023 Luis Díaz wa Liverpool alinyimwa goli halali dhidi ya Tottenham, na ndani ya siku tatu waamuzi wa Uingereza walitoa sauti ya chumba cha VAR. Dunia ikasikia jinsi walivyochanganya uamuzi wa uwanjani, wakapitisha kosa wakidhani wamethibitisha goli. Liverpool hawakurudishiwa pointi, ila waliujua ukweli. Kombe la Dunia la wanawake 2023 marefa walishika kipaza sauti wakautangazia uwanja uamuzi wao. Kumbe inawezekana. Kwa nini kwetu iwe siri?

NYONGEZA: Nimesoma majibu. Aliyeandika kwamba "timu ndogo hulalamika", mkuu, siku tano kabla ya Morocco tulipigiwa penalti na Tunisia, Gharbi akafunga, hakuna aliyefungua uzi. Tulinyanyuka, Fei Toto akasawazisha, tukavuka. Hatuogopi penalti ya kweli.

Aliyesema Morocco wangeshinda tu, hiyo si hoja. Vijana wetu walikimbia dakika tisini ili wafike pale kwenye dakika za nyongeza wakiwa nyuma kwa goli moja tu, ndipo mtu mmoja chumbani akaamua bila kutuambia kitu.

Na wewe uliyeuliza TFF, shirikisho letu la soka, wafanye nini: waandike CAF, waombe sauti na picha zote za kamera za dakika ile, na jibu likija walibandike hadharani kama lilivyo. Yanga nao waombe za Loftus. Nitakuwa wa kwanza kusaini hiyo barua, na jezi yangu nyekundu mwilini.